Nani Amemfanya Mgonjwa Afiche?



Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mithali hii tuliifundisha kwa miaka mingi, na kila mara tuliwaeleza wanafunzi kwamba kosa ni la yule anayeficha. Sasa tumestaafu, tunakaa hapa Mwanga, na tunajiuliza swali ambalo hatukuliuliza darasani: je, yule aliyemfanya mgonjwa afiche hana lawama?

Swali hili lilitujia tuliposoma habari za chanjo ya kuzuia maradhi ya njia ya mkojo, ambayo hospitalini na kwenye maduka ya dawa huitwa UTI. Maradhi haya huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Aina iletayo maradhi haya mara nyingi zaidi huishi matumboni mwetu bila kutudhuru, lakini ikiingia katika njia ya mkojo huleta maumivu makali. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi na vijidudu hufika upesi kwenye kibofu. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya wanawake wote huugua walau mara moja maishani. Vijidudu vikipanda mpaka kwenye figo, maisha huwa hatarini. Na mama mjamzito aweza kujifungua kabla ya siku zake.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tulikuwa na amri kwamba mwanachuo asitoke darasani kipindi kikiendelea. Vyoo vya wasichana vilikuwa vichache, tena mbali, na milango yake haikufungika. Wasichana wengi waliona afadhali wasinywe maji tangu asubuhi. Mmoja wao alianza kudhoofika. Tulipomwuliza, alijibu kwamba ni malaria, nasi tukaridhika, kwa maana malaria ni jibu lisilomwaibisha mtu. Alipopelekwa hospitali alikuwa na homa kali na maumivu ya mgongo, na daktari akasema vijidudu vimekwisha kufika kwenye figo. Alipona, lakini alikosa mtihani wa mwisho na ikambidi kurudia mwaka. Hatuwezi kusema kwamba amri yetu peke yake ndiyo iliyomwuguza. Tunalolijua ni kwamba aliyaogopa macho yetu kuliko maumivu yake.

Sasa tuitazame hiyo chanjo. Iitwayo MV140 ilitengenezwa Hispania. Ina aina nne za bakteria waliokwisha kuuawa, na hupulizwa chini ya ulimi kila siku kwa muda wa miezi mitatu, ili mwili ujifunze kuwatambua adui kabla hawajaja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalihusu wanawake 240 wa Hispania na Uingereza waliokuwa wakiugua mara kwa mara. Katika miezi tisa iliyofuata, 56 hivi katika kila 100 waliopewa chanjo kwa miezi mitatu hawakuugua tena, na kwa wale waliopewa dawa bandia ni 25 tu. Si kila juhudi iliyofaulu. Mwaka 2025 jaribio kubwa la chanjo nyingine, ya sindano, lililokusudiwa kuwakinga wazee na maradhi makali ya bakteria hao, lilisimamishwa kwa kuwa kinga yake haikutosha. Wala MV140 haimo katika chanjo za kawaida za nchi yetu.

Mtu aweza kutuuliza: kwa nini kuhangaikia chanjo, na dawa zipo? Jibu lake linaonekana hapa kwetu. Watafiti wa mradi uitwao HATUA waliwapima maelfu ya wagonjwa wenye dalili hizi katika Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wetu walikwenda Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro. Wengi waliodhaniwa kuwa na maradhi haya hawakukutwa na bakteria, na sehemu kubwa ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za namna nyingi. Basi tunaponunua vidonge bila kupimwa, au kumgawia jirani vilivyobaki, tunaipunguza nguvu ya dawa ambayo kesho mtoto wa mtu mwingine ataihitaji. Chanjo haina hasara hiyo. Aliyekingwa hamnyang'anyi mwenzake kitu.

Tena chanjo ya kuzuia bakteria si jambo geni katika pwani hii ya Tanganyika. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, na kipindupindu kikawashika. Mwezi wa Juni wakimbizi, pamoja na wananchi wa jirani, walipewa chanjo ya kunywa. Kipindupindu huua upesi na mbele ya watu wote, na ilikuwa haki kitangulie kushughulikiwa. Lakini kungoja zamu ni jambo moja, na kusahauliwa kwa sababu ya haya ni jambo jingine. Maradhi ambayo mwenyewe haruhusiwi kuyataja hayaandikwi katika daftari la zahanati. Na yasiyoandikwa, nani atayatengea fedha?

Twamkumbuka yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akaligusa vazi kwa siri. Bwana alikuwa na haraka, akienda nyumbani kwa mkuu aliyeuguliwa na binti yake. Hata hivyo alisimama. Hakumkemea kwa kuja kwa siri, bali alimwita binti mbele ya wote waliokuwa wakimwepuka. Naye Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Tumeyasoma maneno hayo kanisani mara nyingi tukifikiri juu ya watu wanyonge tu. Hatukufikiri kwamba yanauhusu pia mwili wenyewe, na kibofu cha mwanafunzi aliyeketi mbele yetu.

Kwa hiyo mithali ya wahenga bado ni ya kweli, lakini ni nusu ya mafundisho. Mgonjwa anapaswa kusema, na sisi tunapaswa kuwa watu wanaoweza kuambiwa. Wataalamu wataendelea kuitafuta chanjo, na tuwaombee. Ila hata ikifika Kigoma kesho, haitamfaa binti anayeona aibu kueleza anaumwa wapi.

Wakati tukiingoja, yako mambo yasiyohitaji maabara. Mwenye dalili apimwe mkojo kabla ya kupewa dawa, na akipewa azitumie kama alivyoelekezwa. Mwalimu amruhusu mtoto anayeomba kutoka. Na wewe mzazi, juma hili pita shuleni kwa binti yako, uende mpaka kwenye choo cha wasichana, utazame kama kina maji, na kama mlango unafungika.