Mfupa Nao Una Mwenyewe

Ukitoka mjini Tabora ukaenda Kwihara, mwendo wa kilomita chache tu, utaliona tembe alimokaa Daktari Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Oktoba 1873 maiti yake ilifikishwa huko huko Unyanyembe, ikichukuliwa na akina Susi na Chuma kutoka Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Mwingereza Cameron, waliyekutana naye hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaishika njia ya misafara mpaka Bagamoyo. Maiti ile kwao ilikuwa amana.

Ilipofika London, Aprili 1874, haikuwa rahisi tena kumtambua mtu kwa sura. Mpasuaji William Fergusson akauchunguza mkono wa kushoto. Miaka mingi nyuma, kusini mwa Afrika, simba alikuwa amemvunja Livingstone mfupa wa juu wa mkono huo, nao haukuunga sawasawa. Mvunjiko ule ukaonekana, na shaka ikaondoka. Kisha mfupa ukatengenezewa mfano wa plasta, ambao umehifadhiwa hata leo.

Siku hizi mfano kama ule hufanywa kwa mtu aliye hai. Mashine ya CT humpiga mgonjwa eksirei kutoka kila upande, na kompyuta huuonyesha mwili wake vipande vyembamba vyembamba, kama slesi za mkate. Programu huutenga mfupa na nyama, kisha printa huujenga upya kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Mpasuaji huushika mkononi kabla hajagusa kisu. Aweza hata kulikunja bamba la chuma juu yake mpaka lilingane na taya la mgonjwa, na kwa hiyo kuupunguza muda wa mgonjwa kukaa katika usingizi wa dawa.

Huenda mtu akauliza: Je, hii si sanamu? La. Mfupa wa plastiki hauabudiwi wala hautukuzwi. Ni chombo cha tiba kama lilivyo gongo la kiwete. Swali zito liko kwingine.

Mgonjwa akisha kushonwa, mfano ule ni wa nani? Waweza kukaa kabatini, au kufundishia wanafunzi. Na faili lake laweza kupelekwa nchi nyingine kwa dakika moja. Tunatulizwa kwa kuambiwa kwamba jina limefutwa. Lakini, msomaji, maiti ile ya London ilitambuliwa kwa jina gani? Ni mfupa uliomtaja mwenyewe! Basi kufuta jina peke yake hakutoshi.

Najua litajibiwa kwamba mfano huo hufunza, na waliofunzwa huwaponya wengine, na kuuzuia ni choyo. Ni kweli, na mimi mwenyewe ningeutoa wangu kwa furaha. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali. Mkulima wa Sikonge aliyevunjika paja, akatia dole gumba katika karatasi asiyosomewa huku akiugulia maumivu, ametoa nini? Ametaka aponywe tu.

Kwa hiyo yafaa aulizwe mara mbili: kwanza kabla ya kupasuliwa, kwa ajili ya matibabu yake, tena baada ya maumivu kutulia, kwa lugha aijuayo, kama anaridhia mfupa wake uwafae wengine. Na akisema hapana, apewe aende nao nyumbani, au uvunjwe mbele ya macho yake, na faili lifutwe.