Ufa Uliopakwa Rangi

Ndugu wasomaji, leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali dogo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Ni hili: mtu akitengeneza kitu kilichovunjika, kisha akapafunika mahali pa ufa pasionekane, je, amesema uongo?

Wengine watajibu mara moja: «La! Kazi ya fundi ndiyo kuficha ufa. Mshonaji asiyejua kuficha uzi wake si mshonaji.» Wengine watasema: «Ndiyo, kila kilichofichwa ni udanganyifu.» Nafikiri wote wamejibu upesi mno. Zamani nami nilijibu upesi. Aliyenifundisha kujibu polepole ni mguu wa mti, na masomo yale niliyalipa kwa haya.

Nyumbani kwangu, karibu na Ziwa Tanganika, niko na darubini ya kutazamia nyota. Haikuwa mpya nilipoipata. Bomba lake ni refu kama mkono wa mtu mzima, nalo limewekwa juu ya miguu mitatu ya mti. Wageni wakija husifu vioo. Hakuna asifuye miguu.

Lakini mama zetu wanajua zaidi kuliko wageni wangu. Wanajua kwamba figa moja haliinjiki chungu, wala mawili hayatoshi. Mafiga matatu hukaa imara hata mahali pasipo sawa, kwa maana vitu vitatu daima hupata kugusa chini vyote pamoja. Kiti cha miguu minne huchezacheza sakafu ikiwa mbaya. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi. Ndiyo sababu watengenezaji wa darubini, na wapima mashamba vilevile, wamechagua miguu mitatu. Ila jambo hilo lina upande wake wa pili: kati ya mitatu hakuna wa akiba. Mmoja ukivunjika, iliyobaki haiwezi kuchukua mzigo.

Tena darubini yataka kutulia kuliko chungu. Galileo, yule mtaalamu wa Italia, alipoitazama sayari Jupita mwezi wa Januari 1610 kule Padova, usiku wa tarehe 7 aliona vinyota vitatu kando yake, na baada ya siku chache akajua ya kuwa ni vinne. Ndiyo miezi mikubwa ya Jupita. Darubini yake ilikuza vitu kama mara 20 tu. Hata hivyo mwezi uleule aliandika kwamba bomba lapasa kukazwa mahali imara, kwa sababu mkono wa mtu hutetemeka kwa mapigo ya damu na kwa kupumua.

Fanyeni hesabu nami. Miguu ikiachana kadiri ya meta moja, na mguu mmoja ukashuka kwa unene wa unywele tu, bomba lote huinama kidogo sana, jicho lisione. Lakini kule mbinguni Jupita huonekana imehama karibu nusu ya upana wake. Mnaona sasa: darubini hukuza nyota, na kosa la mguu hulikuza vilevile.

Basi sikieni yaliyonipata. Mti hunywa unyevu wakati wa mvua ukavimba, na wakati wa kiangazi hukauka ukasinyaa. Kiangazi kimoja nati ya mguu mmoja ililegea. Nikaikaza. Ikalegea tena, nikaikaza kwa nguvu zaidi, wala sikuweka kiduara cha chuma chini yake cha kugawanya uzito. Nikasikia «ta!» Mti ulikuwa umepasuka tangu tundu la bolti, ukafuata nyuzi zake kwa urefu wa kidole.

Nilifanya nini? Nilipaka gundi juu ya ufa, nikafuta kwa kitambaa, kesho yake nikapaka rangi nyeusi. Mguu ukapendeza kupita ile mingine miwili. Nikajisifu moyoni.

Siku ya tatu mwalimu mwenzangu akaja kuazima darubini, apate kuwaonyesha wanafunzi wake mwezi. Nilimwambia: «Chukua, ndugu yangu. Uangalie vioo tu.» Kuhusu mguu sikusema neno. Sikukusudia kumdhuru mtu. Nilisahau? Hapana, sikusahau. Niliona haya kusema kwamba mimi, mtu wa kupenda kuwafundisha wengine uangalifu, nimepasua mguu kwa kukaza nati kama asiyejua kitu.

Usiku ule wanafunzi walisimama kwa mstari. Zamu ya mtoto mmoja ilipofika, aliweka jicho, na mguu ukakatika palepale penye rangi. Darubini ikaanguka. Kioo kikubwa kilipona, bali kichwa cha kuwekea jicho kilipindika. Watu wote walimgeukia yule mtoto. «Umeisukuma!» Naye alisema: «Sikuisukuma.» Hakuna aliyemsadiki. Mwalimu wake akamwambia: «Mwambie mama yako. Itawapasa kulipa.»

Mimi nilikuwapo. Niliuinua mguu chini ya mwanga wa taa, nikauona mti mweupe ndani ya ufa, na gundi yangu imebaki juu kama ngozi ya maziwa. Haikuwa imeingia hata kidogo. Nilijua yote mara moja. Nikanyamaza.

Asubuhi mama wa mtoto alipiga hodi. Ni mama auzaye ndagala sokoni. Alifungua pindo la kitenge, akatoa noti za franka. «Bwana Mwalimu, pokea hizi kwanza. Zilizobaki nitaleta kidogokidogo.» Nilimwambia nini? Nilimwambia: «Weka mezani, Mama.» Akaweka, akashukuru, akaenda zake. Zile noti zilikaa juu ya meza yangu hata saa sita mchana, nazo zilinuka samaki. Sikuweza kula mezani pale.

Mchana nilizichukua nikaenda kwa yule mama, kisha nikaenda shuleni, nikasema mbele ya mwalimu na wanafunzi: «Mtoto huyu hakuvunja kitu. Mguu ule niliuvunja mimi, nikauficha kwa rangi.» Nilidhani watanicheka. Hakuna aliyecheka. Mtoto peke yake aliuliza, kwa sauti ya heshima: «Mwalimu, kwa nini jana ulinyamaza?»

Ndugu, sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, kufunika ufa ni uongo? Nasema: si kila mara. Nikishona kiraka katika shati langu, nikaificha mishono, simdanganyi mtu, maana hakuna aegemeaye shati langu. Na fundi aunganishaye mbao mbili vizuri hata usione kiungo, yeye pia hasemi uongo: jicho lasadiki kwamba mbao zimeshikana, na kweli zimeshikana. Uzuri wa nje wakubaliana na hali ya ndani.

Uongo waanza mahali pengine. Waanza pale mtu mwingine atakapoweka mzigo wake juu ya kazi yangu kwa kuniamini, nami najua jambo ambalo angetaka kulijua kabla ya kuuweka. Rangi yangu ilimwambia mwenzangu: «Mguu huu ni mzima.» Kinywa changu hakikuthubutu kusema maneno hayo, basi nikaiacha rangi iyaseme. Mtu aweza kusema uongo kwa brashi, na kwa kunyamaza pia.

Wako watakaonipinga: «Fundi akionyesha kila ufa, nani atanunua kwake?» Neno hili lina uzito, kwa maana fundi ana watoto wa kulisha. Lakini fikirini upande wa mnunuzi. Akiambiwa, «Kiti hiki kilivunjika hapa, nimekitengeneza hivi, usikiegemee kwa nyuma,» atalipa kidogo pengine, ila atajua namna ya kukitumia. Asipoambiwa, atalipa zaidi, na siku moja mtoto au mzee ataanguka nacho. Faida ile ya juu ilitoka wapi? Ilitoka katika mgongo wa yule aliyeanguka. Fundi aliikopa kwake bila kumwambia.

Tena lipo jambo la pili, nalo nadhani ni baya kuliko la kwanza. Ufa unaofichwa haubaki kwa mwenye kuuficha. Huhama. Haya yangu ilihama kwa mtoto akaitwa mharibifu. Ikahama kwa mama yake ikawa deni. Mimi nililala kitandani kwangu na watu wawili wakaichukua kwa niaba yangu. Mithali yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Angalieni, yasema kuziba. Haisemi kupaka rangi. Nami naongeza: mara nyingi ukuta ule hujengwa na mtu asiyeuangusha.

Mtauliza, mguu ulitengenezwaje mara ya pili? Nawaambia, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Nilimwomba yule mtoto aje tufanye kazi pamoja, naye alikuja. Kwanza ilitupasa kuupanua ufa. Ndiyo, kuupanua! Tuliingiza kabari nyembamba ya mti, polepole, ufa ukafunguka hata mwisho wake. Kisha tukakwangua gundi ya zamani yote, kwa kuwa gundi mpya haiingii katika mti uliozibwa na gundi ya kale. Yataka kukutana na mti wenyewe. Tukatia gundi ndani kwa kisu chembamba mpaka ikatokeza upande wa pili. Tukaondoa kabari, tukauzungushia mguu ukanda wa mpira wa baiskeli uliokwisha kazi, tukakaza pande zote sawasawa, tukaifuta gundi iliyotoka kwa kitambaa cha maji. Tukangoja mchana na usiku, wala hatukuugusa.

Siku ya pili tulitoboa matundu mawili madogo ya kukata ufa, tukapitisha bolti mbili nyembamba, kila moja na viduara vyake vya chuma, zizuie mti usifunguke tena. Nati tulizikaza mpaka zikashika, basi. Mwishowe tukapiga alama ya kalamu mahali ufa unapoishia, tukasimamisha miguu yote mitatu, tukatundika juu yake ndoo yenye lita 10 za maji, yaani kilo 10 na zaidi, uzito upitao ule wa bomba. Baada ya saa moja tulitazama alama. Ufa haukuivuka. Tukarudisha bomba mahali pake, mtoto akaligonga kwa kidole akitazama ndani na kuhesabu. Kabla ya kufika tatu, mtikisiko ulikuwa umekwisha.

Nilichukua brashi. Mtoto akanitazama. Nikairudisha koponi.

Tangu siku ile mguu ule hauna rangi mahali pa ufa. Waonekana mstari mwembamba na vichwa viwili vya bolti. Mtu akija kuazima darubini namwonyesha hapo kwanza, kabla ya vioo: «Hapa palipasuka. Usikaze nati hii kwa nguvu.» Wengine hutabasamu. Wote hukaza kwa uangalifu.

Nami nawaulizeni, wasomaji wapenzi, kila mtu nyumbani kwake: kitu gani umekitengeneza juujuu, nacho kesho mtu mwingine atakiegemea? Labda ni ngazi. Labda ni breki ya baiskeli. Labda ni neno ulilomwambia jirani, nawe wajua halishiki mzigo. Kabla hajaja kuazima, nenda ukamwambie. Haya ya kusema ni ya saa moja tu. Yule mama wa ndagala bado hunisalimu sokoni kwa heshima, nami kila anisalimupo hukumbuka zile noti mezani, na masaa niliyoziacha zikae.