Walimfundisha Ishara, Kisha Wakamwacha



Juzi nilisoma habari za Nim, sokwe mtu aliyezaliwa Marekani mwaka 1973. Watafiti walimlea New York kama mtoto wa nyumbani, wakamfundisha lugha ya ishara. Mwaka 1977 utafiti ukaisha, akarudishwa kwenye vizimba Oklahoma. Baadaye akauzwa kwa maabara ya tiba.

Jamani, iliniuma. Katekisimu (2417–2418) inaruhusu majaribio kwa wanyama yenye kusaidia kuokoa watu, ila kwa kiasi. Kuwatesa bure kunavunja heshima yetu wenyewe.

Nikamkumbuka rafiki niliyemtafuta kipindi cha mitihani tu. Nilimzoesha, kisha nikamwacha. Leo nampigia simu. Na wewe je?

Ee Bwana, tufundishe kutunza tuliyemzoesha. Amina.