Anayechota Maji Chini Yako

Wanangu, naandika nikiwa nimekasirika, na ni vizuri mkajua mapema. Penzi la kulala hemani limewaingia vijana wetu wa Musoma na Bunda, na kwa penzi lenyewe sina neno. Mtu kafungiwa dukani au ofisini wiki nzima. Akipata siku mbili, akafunga hema, unga, dagaa na sufuria, akapanda vilima vya Ikizu au vya Butiama kutafuta kijito cha kulala kando yake, huyo nampongeza. Ninachokigombea ni adabu anayoisahau nyumbani pamoja na chandarua.

Kambi ninayoisemea ni ile isiyo na kitu. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti kuna kambi za umma, kama zile za Seronera, zenye vyoo na banda la kupikia; halafu kuna kambi maalumu, ambako utakuta mti na nyasi, basi. Hakuna bomba wala choo. Ulichobeba ndicho utakachotumia, na mabaki yake unaondoka nayo. Huku kwetu nje ya hifadhi kila kando ya kijito ni kambi ya namna hiyo, ila hakuna askari wa hifadhi wa kukutoza faini. Ndipo tabia ya mtu inapojulikana.

Shikeni neno moja kabla ya mengine yote: maji yaliyo mbele ya hema lako yanakwenda kwa mtu. Vijito vya milimani kwetu vingi havina maji mwaka mzima, na kiangazi kikikaza vinazama mchangani. Shuka mwendo wa nusu saa utamkuta mama amepiga magoti katikati ya mto mkavu, amefukua kisima kwa mikono, anasubiri maji yajikusanye apate kuchota kata moja moja mpaka dumu la lita 20 lijae. Maji anayoyasubiri yamepita kwako. Uliyoyafanya huko juu yeye anayapikia uji.

Basi nianze na choo, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Wahenga walisema usinyee kambi. Wengi mmelifanya neno la siasa, la kumuonya mtu asitukane chama anachoweza kukirudia kesho. Mimi nalisema kama lilivyo. Nimefika mahali pazuri, maji yanapita juu ya mawe, ndege wanalia, nikataka kukaa chini ya mti nipumzike, na kivuli chote kimeshawahiwa. Karatasi nyeupe zimenasa kwenye michongoma. Pampasi imetupwa juu ya mwamba, imevimba kwa umande. Na walioziacha hawakuwa watoto. Mtoto hajui kuendesha gari mpaka kule.

Sikilizeni namna ya kufanya, kwa kuwa naona hamkufundishwa. Mkifika, kabla ya hema kusimama, chagueni upande wa choo. Hesabuni hatua ndefu 70 au 80 kutoka majini, na msiende kwenye mkondo mkavu mkidhani ni bonde tu, maana mvua ikinyesha huo nao ni mto. Nendeni na jembe dogo. Chimba shimo la kina cha kiganja kizima, ukimaliza fukia, kanyagia, weka jiwe juu. Kama mko wengi na mnalala zaidi ya usiku mmoja, chimbeni shimo moja refu zaidi, acheni udongo wake pembeni, kila mtu amwage kidogo akimaliza. Karatasi itiwe kwenye mfuko na kuchomwa kwenye moto wa kambi, au irudi nanyi mjini. Pedi na pampasi hazizikwi hata kidogo: fisi na mbwa wa kijijini watazifukua kabla hamjafika barabara ya lami.

Msidhani haya ni mambo ya aibu tu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezaliwa na kichocho mlangoni. Mayai ya mnyoo hutoka na haja ya mtu aliyeugua, yakifika majini yanapasuka, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinakua humo, kisha vinatoka kutafuta ngozi ya mtu. Havingoji unywe, kuogelea tu kunatosha. Wewe unayejisaidia kando ya kidimbwi huku ukijiona fundi wa porini, watoto watakaokuja kuoga Jumatatu wakitoka shule umewawekea nini? Na mwenzako anayerukia kidimbwi hichohicho saa tisa alasiri, mshaurini aache. Maji ya kunywa yachemke kwelikweli, si kupata uvuguvugu.

Kuosha vyombo, kufua, kujisugua kwa sabuni, hayo yote yafanyike mbali na kijito. Chota kwa ndoo, peleka pembeni, oshea huko, mwaga kwenye majani. Mwaka mmoja nilimwona bwana mmoja, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, akaingiza gari mpaka magurudumu yakazama, akalipaka povu kama yuko kwenye kituo cha kuoshea magari mjini. Mafuta yakatandaza rangi zake juu ya maji yote. Nilimsalimu, nikamuuliza kama ana ndugu huko chini. Akacheka. Sikucheka.

Jambo la pili ni hodi. Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na hata isingekuwapo sheria hiyo, mtu mwenye malezi hatandiki kitanda uani kwa watu bila kubisha. Pitieni kwa mwenyekiti wa kitongoji. Shukeni kwenye gari, msiongee naye kupitia dirishani. Mzee huamkiwa shikamoo, vua kofia, vua na miwani ya jua akuone macho. Mwambieni mko wangapi, mnalala siku ngapi, mtawasha moto wapi. Muulizeni ng'ombe hunyweshwa sehemu gani, maana hema likikaa kwenye njia ya mifugo, atakayesumbuka ni mchungaji na si ninyi. Muulizeni pia mahali pasipoguswa. Pale Butiama upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu tangu enzi za mababu. Na vijiji vingine navyo vina mti wake, mwamba wake, chemchemi yake. Kama huamini mizimu, ni hiari yako. Kuheshimu wanaoamini si hiari.

Akina mama wakija kuteka au kuoga, geukeni mtazame kwingine. Simu irudi mfukoni. Nasema mara moja tu.

Sabufa! Mtu ameikimbia kelele ya stendi ya Bweri, kasafiri na vumbi lote lile, halafu anaishusha stendi nzima kutoka kwenye buti ya gari. Sauti ya usiku milimani inasafiri. Kuna mgonjwa huko, kuna mwanafunzi, kuna mtu anayelinda shamba lake na anahitaji masikio yake. Saa mbili usiku muziki uzimwe. Anayetaka dansi Musoma ina kumbi.

Moto. Usikate mti mbichi; unatoa moshi tu, na umemwibia mtu kivuli. Kusanya kuni zilizokauka kwa ruhusa ya wenyeji, na ndani ya hifadhi usikusanye kabisa, nenda na mkaa wako au mtungi wa gesi. Mawe ya mafiga yasitoke majini, kwa sababu jiwe lililonyonya maji likipata moto hupasuka, na vipande vyake haviulizi jicho la nani. Kabla ya kuondoka, mwagia maji, koroga majivu, mwagia tena, mpaka uweze kuyashika. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata baridi iwe kali namna gani. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala nayo na hawaamki.

Msilale kwenye mchanga wa mto, hata kama ni laini na anga ni safi. Mvua hunyesha mlimani msikokuona, na maji huja bila kupiga honi. Walio karibu na Mto Mara, kuanzia mabwawa ya Masurura mpaka darajani Kirumi, au walio kandokando ya Grumeti, waongeze la kiboko: jioni hutoka kula majani na hurudi kwa njia ileile. Ukiona nyasi zimelazwa na kinyesi kimetapanywa, hapo si pako. Mamba yeye hana njia. Yuko.

Taka sasa, na hapa sitabembeleza. Vifuko vya plastiki vimepigwa marufuku nchi hii tangu tarehe 1 Juni 2019, na pombe za viroba tangu 2017, lakini bado naokota makaratasi ya biskuti, vifuniko vya soda, chupa za maji zilizosokomezwa kwenye mashina ya miti na mtu aliyedhani akizificha ametupa kistaarabu. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Ninyi chupa tupu, isiyo na uzito, inawashinda kutoka kijitoni mpaka kwenye gari?

Lipo na la ndani ya kambi. Nimeona vijana wa kiume wamenyoosha miguu kwenye viti vya kukunja, wakihadithiana mpira, huku mabinti wanachota maji, wanasonga ugali, wanaosha masufuria gizani kwa tochi ya simu iliyobanwa na meno. Mkiulizwa mnasema mlisimamisha hema. Hema husimama robo saa! Pangeni zamu mkiwa bado mjini, mziandike. Aliyepika haoshi. Na anayekoroma alale hema la pembeni, bila kununa.

Unga na mafuta yakibaki, msirudi nayo. Mpelekeeni mwenyekiti au jirani wa karibu, kwa mkono wa kulia na kwa maneno mazuri, si kuyaacha juu ya jiwe kama sadaka ya mizimu. Mkiazima chombo kijijini, kirudi kikiwa kimeoshwa kabla gari halijawashwa. Kuna kikundi kimoja kutoka mjini, siwataji, waliazima panga kwa mzee wangu mmoja huko Ikizu wakidai ni la kuchongea vigingi tu. Masika yamepita, vuli imepita, mzee analimia la kuazima naye. Wakisoma haya wanajijua, na panga lina mpini wa mpingo.