Mgono na Maji

Kijana ninayesimulia habari zake sitamtaja jina, maana bado ana meza yake ya kutengeneza simu karibu na soko kuu la Kisangani, na bado mkono wake ni mzuri. Mpelekee simu iliyotumbukia mtoni: ataifungua, ataisugua kwa mswaki uliochovywa spiriti, ataipasha hewa moto kidogo kidogo huku ameinamisha shingo kama anayesikiliza pumzi za mgonjwa, na mara nyingi utaondoka nayo inalia. Alikuwa na mashine yake mwenyewe ya hewa moto, ile ya kuyeyushia lehemu na kung'olea chipu. Aliinunua kwa akiba ya miaka miwili, na ndiyo iliyomtenga na wale mafundi wa kubadilisha vioo tu. Naitaja mapema kwa sababu aliyecheza ni yeye, lakini iliyolipa ni mashine.

Mambo yalianza kwa furaha. Msimu wa 2024-25 Yoane Wissa alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Brentford. Amezaliwa Ufaransa, lakini jezi ya taifa anayovaa ni ya Chui wetu wa Kongo, na mabao yake yalishangiliwa mitaani kwetu, Makiso na Mangobo, kana kwamba yamefungwa pale Uwanja wa Lumumba. Tena ni mtu mwenye kisa. Mwaka 2021 mwanamke mmoja alimfuata nyumbani kwake Ufaransa akammwagia tindikali usoni. Akafanyiwa upasuaji wa macho, na wiki chache baadaye akasajiliwa Brentford. Fundi anayekula kwa macho yake, juu ya chipu ndogo kuliko punje ya mchele, hana budi kumpenda mtu wa namna hiyo.

Vijana wa pale sokoni wana kundi lao la fantasi. Kwa wasioujua mchezo huu: unapewa milioni 100 za kubuni, unanunua wachezaji 15 wa kweli, wasizidi watatu kutoka klabu moja, kisha kila wiki unapata pointi kwa yale waliyoyafanya uwanjani. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, pasi ya bao ni 3, na uliyemchagua kuwa nahodha pointi zake huzidishwa mara mbili. Kucheza ni bure. Mimi sina ugomvi na mchezo huo. Nimewaona watoto waliokimbia hesabu shuleni wakikokotoa wastani wa mabao kwa mechi kwenye kipande cha boksi la sigara, na kukosoana kwa adabu.

Mchezo huu una chimbuko lake moja kwenye besiboli, kule New York. Mwaka 1980 Daniel Okrent na rafiki zake walianza kugawana wachezaji wa kweli katika ligi yao ya kubuni, wakaipa jina la mkahawa waliokuwa wakila, La Rotisserie Française. Tangu siku hiyo swali ni moja: utampangia bei gani mtu kwa msimu ambao bado haujachezwa? Wamarekani wenyewe, pamoja na takwimu zao zote, huliwa na swali hilo. Mwaka 2023 Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves, mcheza uwanja wa nje kutoka Venezuela, alipiga mipira 41 ya kuvuka ukuta na kuiba vituo 73, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikia katika msimu mmoja. Msimu wa 2024 ulipokaribia, wacheza fantasi walimgombania awe chaguo la kwanza kabisa. Tarehe 26 Mei 2024 akakatika kano ya goti la kushoto akiwa anakimbia kati ya vituo, hakuna aliyemgusa. Alikuwa amecheza mechi 49 na kuvusha mipira minne tu. Goti la kulia lilikuwa limeshakatika mwaka 2021.

Wale waliomchagua kwa kujifurahisha walisonya, wakatafuta mwingine. Huo ndio uzuri wa milioni za kubuni: zikiungua, hazitoi moshi.

Kijana wetu aliingiza fedha za kweli. Hata hapo angejidhuru mwenyewe tu kama zingekuwa zake. Zilikuwa za likelemba, ambayo Dar es Salaam wanaiita upatu na Nairobi chama. Watu kumi, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua 200. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza fedha, kwa kuwa alijulikana kwa uaminifu. Aliandika kila kitu kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Zamu ya Septemba ilikuwa ya mama mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, muuza samaki wa kukaushwa, aliyezisubiri kwa ajili ya ada ya watoto wawili wa sekondari. Zilitakiwa mkononi mwake tarehe 30.

Tarehe 1 Septemba 2025, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, Wissa alihamia Newcastle kwa ada iliyotajwa kufikia pauni milioni 55. Siku hiyo hiyo Newcastle walimwachia Alexander Isak, mfungaji wao wa mabao 23, aende Liverpool. Kesho yake nilimkuta kijana wetu amesimama mbele ya meza, macho yanawaka. Huniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, hesabu gani tena? Isak kafunga 23, Wissa kafunga 19, na anaingia kiti cha Isak."

Muuza vipuri vya pikipiki wa kibanda cha jirani, mtu mpole anayependa dau, akamjibu bila kuinua kichwa: mabao mawili ya ligi kabla Septemba haijaisha, dola 200 kwa 200. Newcastle walikuwa na mechi tatu za ligi mwezi huo baada ya mapumziko ya timu za taifa: Wolves, Bournemouth na Arsenal. Wakapeana mikono. Fedha zikakabidhiwa mtu wa tatu azishike. Niliziona zikitoka. Zilikuwa zimefungwa kwa mpira mwekundu na karatasi yenye majina kumi, nami nilidhani ni zake. Najilaumu mpaka leo kwamba sikuuliza.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwapo mzee mmoja wa Wagenia, aliyeleta simu isiyoshika chaji. Mtu wa Kisangani hahitaji kuelezwa Wagenia ni nani. Wa mbali nitamweleza. Juu kidogo ya mji, kwenye maporomoko ya Boyoma, watu hawa huchomeka miti mikubwa kati ya miamba, huifunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza migono, vikapu vyenye umbo la koni, midomo ikielekea mkondo. Maji yenyewe humsukuma samaki ndani kwa nguvu hata asiweze kurudi. Tulipokuwa tukisubiri simu yake, yule mzee alilalamika kwamba mwanawe kijana ana mgono mmoja anaouabudu. Mwezi uliopita ulileta samaki wengi kuliko yote, basi sasa anauhamisha hamisha, kila anapouning'iniza anategemea samaki wale wale. "Namwambia, mgono ule niliusuka mimi, sawa na mingine. Pale ulipokuwa maji yanapita kwa kasi. Mtoto hasikii." Alipewa simu yake, akalipa, akaenda. Alikuwa akizungumzia samaki tu, na sisi wawili hatukumsikiliza.

Hebu tuyatazame maji yaliyopita kwenye mgono wa Brentford. Msimu ule wa mabao 19 timu nzima ilifunga 66 katika ligi. Bryan Mbeumo alifunga 20, Wissa 19. Mkicheza na mtu kama Mbeumo upande mmoja, mabeki hawana macho ya kutosha. Kocha Thomas Frank aliijenga timu hiyo kwa miaka, na Wissa alijua kila mpira wa kurusha na wa adhabu utaangukia wapi. Mwezi Juni 2025 Frank akaenda Tottenham. Julai, Mbeumo akaenda Manchester United, na nahodha Christian Nørgaard akaenda Arsenal. Wissa mwenyewe alitumia Agosti nzima akishinikiza kuondoka, na Brentford walianza msimu bila yeye. Maana yake alifika Newcastle bila miguu ya mechi za klabu, kwa kocha mpya, akiwa na wenzake ambao hawajui anapenda mpira mguu upi, na siku chache kabla yake klabu hiyo hiyo ilikuwa imemsajili mshambuliaji mwingine, Nick Woltemade kutoka Stuttgart. Habari hizi zote zilikuwa kwenye simu ya kijana wetu. Alizisoma. Kisha akarudi kwenye 19.

Na hata tukiacha hayo yote, tuseme maji ni yale yale na mtu ni yule yule. Baadaye nilichukua lile daftari la bluu nikaandika nyuma yake: mabao 19 katika msimu wa mechi 38 ni bao moja kwa kila mechi mbili. Kwa mechi tatu, ni bao moja na nusu. Yeye alikubali mawili. Mwendo huo ukiendelea msimu mzima unazaa mabao 25, ambayo Wissa hajawahi kuyafunga. Dau lilikuwa limeinamia upande wa kushindwa tangu mikono ilipopeanwa, Wissa akiwa mzima wa afya. Muuza vipuri alilijua hilo. Hakuwa na chuki na Wissa. Alijua tu kugawanya.

Jumanne tarehe 9 Septemba Chui waliwakaribisha Senegal Kinshasa, kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, tukachanga petroli ya jenereta, tukajazana kwenye ukumbi wa video hadi wengine wakakaa mlangoni na sahani za lituma mapajani. Cédric Bakambu akafunga la kwanza. Wissa akafunga la pili. Sijui kama umewahi kusikia bati la nyumba likilia kwa sauti za watu, lililia. Kijana wetu alinikumbatia hadi mbavu zikauma. Kisha Senegal wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na mwishoni wakaweka la tatu. Kabla ya filimbi Wissa alikuwa ameshatoka, goti limeumia.

"Ni uchovu tu, yaya," aliniambia tukirudi gizani. "Hajafanya mazoezi ya kutosha tangu msimu uanze."

Nikasimama. Ukweli aliokuwa ameukataa kwa wiki nzima alikuwa anausema kwa kinywa chake mwenyewe, tena kama kitulizo.

Tarehe 13, Newcastle waliwafunga Wolves bao 1-0, kwa kichwa cha Woltemade, katika mechi yake ya kwanza. Tarehe 21 walitoka sare ya bila bao na Bournemouth. Tarehe 28 Arsenal waliwafunga 2-1, na bao la Newcastle lilikuwa la Woltemade tena. Wissa hakucheza hata dakika moja.

Mama wa Lubunga alivuka kwa mtumbwi wa mashine tarehe 30 asubuhi, mapema, kabla ya soko kuchangamka. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, kama mtu anayekwenda kuonana na mwalimu mkuu. Alipomwona kijana, wasiwasi wake wa kwanza haukuwa wa fedha.

"Mwanangu, umeugua?"

Akamweleza. Sikusikia maneno yote, nilikuwa upande wa pili wa njia, lakini nilimwona yule mama akishusha kikapu chake chini polepole, akakaa juu ya kindoo cha rangi kinachotumika kama kiti cha wateja, akavua kandambili moja na kuishika mkononi. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mashine ya hewa moto iliuzwa mchana ule ule kwa dola 120, kwa fundi wa mtaa wa pili. Zile 80 zilizobaki kijana alizilipa kidogo kidogo mpaka Novemba. Mtoto mkubwa wa yule mama alikaa nyumbani wiki tano, na wiki tano za mapema hivyo katika mwaka wa shule hubeba misingi ya somo zima. Hilo hakuna dau linalolirudisha. Daftari la bluu likahamia kwa mtu mwingine.

Watu walisema bahati mbaya, goti ni goti. Nami nakubali kuhusu goti. Mwezi Novemba Chui waliwatoa Kamerun, kisha Nigeria kwa penalti, bila Wissa, na hakuna aliyekuwa ametabiri hivyo. Lakini nimemkatalia kila anayetaja bahati kuhusu zile dola 200. Zilitoka kwenye kifungo cha mpira mwekundu tarehe 2, Wissa akiwa mzima, goti likiwa zima.

Tarehe 6 Desemba, Newcastle wakicheza na Burnley, Wissa hatimaye aliingia uwanjani akitokea benchi. Ukumbi wa video uko hatua thelathini kutoka kwenye meza ya fundi wetu, na makofi yalifika mpaka barabarani. Nilimwendea nimwite. Alikuwa na simu mbili zimefunguliwa mbele yake, na katikati ilikuwa ile mashine, namba zake nyekundu zikipanda. Siku hizi huikodi kwa saa kutoka kwa aliyeinunua.

"Nimebakiwa na dakika ishirini, yaya," alisema, na hakuinua kichwa.