Wamoken Walipojengewa Kijiji

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, bahari ilikupwa ghafla katika visiwa vya Surin, magharibi mwa Thailand, ikaacha matumbawe wazi wakati usio wake. Wamoken, watu wa bahari wa visiwa hivyo, hawakungoja tangazo. Walikulia katika masimulizi ya laboon, wimbi linalokula watu, na walijua kuwa maji hurudi nyuma kabla halijaja. Wakabeba watoto, wakapanda mlimani. Makazi yao yalifagiliwa, lakini karibu wote walipona.

Dunia ikawasifu. Misaada ilikuja, na utalii ulipoinuka tena Wamoken walikuwamo: vijana wakiendesha mashua za kupeleka wageni kuzamia, kijiji chenyewe kikiwa kituo cha ziara. Walihitaji kazi hizo. Tangu visiwa vifanywe hifadhi ya taifa mwaka 1981, walikatazwa hata kukata miti mikubwa ya kuchongea kabang, mashua zao za asili.

Ila kijiji hicho, kilichojengwa upya baada ya wimbi, hawakukipanga wao. Vijiji viwili viliunganishwa kuwa kimoja katika ghuba ya Bon Yai, nyumba zikasimamishwa kwa safu, ubavu kwa ubavu. Desturi ya Mmoken ni kujenga juu ya nguzo ukingoni mwa maji, palipo na upepo na nafasi. Hapa ndipo ninapoliona kosa, na linaniuma: elimu ya wazee kuhusu wimbi ilienziwa, elimu ya wazee hao hao kuhusu makazi ikawekwa kando, kana kwamba mtu anaweza kuijua bahari asijue pa kulala. Aliyekuja kujenga angetembea nao ufukweni kabla ya kushika kalamu, awaulize nyumba zikae wapi, mashua zifungwe wapi, mgeni aishie wapi. Wakizikataa safu, azifute. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji muda, na baada ya janga kila mtu ana haraka ya kuonyesha kitu kilichokamilika.

Februari 2019, msimu wa wageni ukiwa umepamba, moto ulizuka kijijini. Mianzi na majani makavu yalishika mara moja, ukaruka paa hadi paa, nyumba zaidi ya 60 zikateketea. Nafasi ambayo wazee wangeiacha kati ya nyumba na nyumba haikuwamo kwenye mchoro, na moto haukukuta pa kukwama.