Mgeni na Kigoda: Maadili ya Safari ya Kitume Ufipa

Safari ya kitume ni ziara ya siku chache ambayo vijana wa kanisa hufanya katika kigango cha kijijini. Hujitolea kufundisha dini, kuimba, kutembelea wagonjwa na kushika jembe. Swali lake zito la kimaadili ni hili: anayekwenda kutumikia kwa jina la imani ana mamlaka gani juu ya wenyeji?

Vijana wanaotoka Sumbawanga kwenda Msanzi, wilayani Kalambo, hawaendi mahali pasipoijua Injili. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea hadi Ufipa, nchi ya Wafipa zilipo Sumbawanga na Msanzi. Vijijini, padre asipokuwapo, katekista ndiye huongoza ibada ya Jumapili. Mgeni hukuta imani yenye wenyewe.

Wafipa wana simulizi la kale, ambalo mwanaanthropolojia Roy Willis aliliandika, kuhusu wanawake watatu wageni waliofika Milanzi, makao ya mfalme, wakati mfalme hayupo. Waliomba kigoda chake, wakakikalia, na utawala ukahamia kwao. Milanzi ilibaki na heshima ya kiibada tu. Simulizi hilo lagusa hatari ya kila ziara: mgeni aliyepokewa kwa ukarimu aweza kuketi mahali pa mwenyeji.

Injili ya Luka, sura ya 10, yaonyesha njia nyingine. Wanafunzi 72 walitumwa bila mfuko wala viatu, wakaagizwa kula watakachoandaliwa. Aliyetumwa hivyo hana budi kumtegemea mwenyeji, na utegemezi huo humzuia kujikweza.

Msaada nao una mpaka wake. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu uhuru wa dini, la mwaka 1965, lakataza kueneza imani kwa shuruti au ushawishi usio wa haki, hasa kwa maskini na wasio na elimu. Kwa hiyo daftari au dawa isiwe bei ya kuhudhuria mafundisho. Anayeyakataa apewe sawa na anayeyakubali.

Kipimo cha mwisho ni muda. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Yeye aliacha kuwa mgeni. Kijana wa siku chache hawezi kudai nafasi hiyo. Wajibu wake ni kufanya kazi chini ya katekista, ambaye atabaki na watu hao gari likishaondoka.